Bi Noeline Esparon na Vibali vya Mafundi Wetu

Tarehe 30 Juni Bi Noeline Esparon anastaafu, baada ya kuitumikia Karakana ya Boti ya Zetwal kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa mpiga chapa, anaondoka akiwa ofisa utumishi. Hakuna fundi mgeni aliyefanya kazi nasi hapa Mahé, Ushelisheli, bila karatasi zake kupita mikononi mwake.

Fundi kutoka Sri Lanka au Madagaska haruhusiwi kugusa hata bisibisi kabla kibali chake hakijatoka. Lazima kazi itangaziwe wenyeji kwanza, ndipo vifuate cheti cha polisi wa kwao, vipimo vya daktari na picha. Picha ndizo zilizomchosha Bi Noeline. Fundi mmoja alirudishwa naye studio mara tatu kwa kosa la kutabasamu. "Baba, hapa unaomba kazi, huombi mchumba," alimwambia.

Mwaka 2009 ombi la kuongeza muda wa kibali cha mchomeleaji wetu, Sumith Weerakkody, lilikataliwa kwa sababu kazi haikutangazwa. Meneja aliwaka, akiamini makarani wa serikali wamepoteza karatasi. Bi Noeline alifungua faili, akalikuta tangazo limelala humo humo. Angeweza kunyamaza. Badala yake alimwita Sumith mbele yetu sote.

"Kosa ni langu, kaka. Niliandika tangazo nikasahau kulipeleka."

Sumith akauliza, "Sasa nikifika nyumbani niseme nini, Madam?"

"Sema umekuja kumwona mtoto. Mengine niachie mimi."

Mtoto huyo alikuwa na miezi minne, na baba yake hajamtia machoni. Sumith aliondoka Ijumaa, asijue kama atarudi.

Bi Noeline alitoa tangazo upya, akaandika barua ya kukiri kosa, na kila Jumatatu akaenda kuulizia uhamiaji, chakula chake cha samaki na shelisheli kikiwa mkobani. Walimzoea hadi wakawa wanamvutia kiti. Tangazo lilituletea kijana wa hapa hapa, Jude Payet, ambaye leo ni msimamizi wa zamu. Lakini kazi ilihitaji wachomeleaji wawili, na wiki ya nane kibali cha Sumith kikatoka. Bi Noeline alikwenda kumpokea uwanja wa ndege mwenyewe. Sumith alimwonyesha picha ya binti yake kabla hata ya kumsalimu. Alifanya kazi nasi miaka kumi na mmoja zaidi.

Bi Noeline, mafundi sabini na watatu wamelisha watoto wao kwa karatasi ulizozihangaikia. Ahsante kwa bidii yako, na zaidi kwa siku ile uliyosema kosa ni lako. Nenda La Digue kwa dada yako ukapumzike. Tunakuombea afya njema, usingizi mtamu wa mchana, na Jumatatu zisizo na foleni.