Vijiti vya Kushoto vya Nicanor Oloo Sewe

Mchungaji, mama Seline, watoto, majirani wa Kambi Muru na wenzetu mliotoka Kawangware, tuketi, na mwenye simu aizime, maana marehemu hakuvumilia chochote kinacholia nje ya zamu yake.

Nicanor Oloo Sewe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 huko Seme, Kaunti ya Kisumu, mtoto wa nne wa mzee Zakayo Sewe na mama Wilkista Awino, wote wametangulia, na tangu utotoni alipiga kila kilichokubali kupigwa, sufuria, debe la mafuta ya taa, na mgongo wa mdogo wake Collins, ambaye ndiye anayewasomea historia hii na ambaye mgongo bado anao.

Aliingia shule ya msingi kijijini mwaka 1978, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985, masomo yakaishia hapo, akajifunza useremala kwa mjomba wake, na mwezi Februari 1990 akafika Nairobi, akapanga chumba Kambi Muru, chumba hicho hicho tulichokifunga Jumamosi iliyopita. Mwaka 1992 mzee Kimotho alimwajiri kwenye karakana yake Kawangware, kituo cha 46, akereze miguu ya vitanda na viti, na kwa miaka thelathini na mitatu alikwenda kwa mguu akarudi kwa mguu, na mzee mwenyewe anasema Oloo hakuzidisha maneno ishirini kwa siku, sita kati ya hayo yakiwa, "Hii mbao bado mbichi, mzee, utaniaibisha."

Mwaka 1994 alikabidhiwa kiti cha ngoma hapa kanisani kwetu, mtaa wa Olympic, na hapo ndipo tulipogundua kwamba mtu asiyechagua chakula, wala shati, wala godoro, anaweza kuchagua vijiti vya ngoma kama mzazi anayemchunguza mkwe. Wapiga ngoma wana mambo yao, Billy hupenda vijiti vinene kama mwiko wa ugali wa harusi, Elvis hufunga vyake mpira wa baiskeli visimteleze, Mbithi wa Kawangware hukigeuza cha kulia apige na kitako, na kila mmoja yuko tayari kuapa kwamba wenzake wamepotea, lakini Oloo alitaka mpera, mpera uliokauka miaka miwili, alioukereza mwenyewe wenzake wakienda kula, ncha iwe ndogo kama punje ya hindi, na kabla ya kuvikubali alivibingirisha mezani aone kama vimepinda, kisha akavigonga kimoja kimoja karibu na sikio, na vikitoa sauti mbili tofauti vilikwenda kwa mama wa chapati vikawa kuni. Hakumwazima mtu. Ukimwomba alikuuliza, "Na mswaki wangu pia unautaka?"

Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na Seline Akoth, wakabarikiwa Austine mwaka 1998 na Trizah mwaka 2001, na mwaka 2010, mama Wilkista alipopooza, Seline alirudi Seme kumtunza kwa miezi mitatu, ikawa miaka kumi na mitano, kwa sababu mama alipozikwa palibaki shamba, palibaki ng'ombe, palibaki boma lisiloweza kuachwa tupu. Austine akapata kazi Mombasa, Trizah akaolewa Homa Bay, na Oloo akabaki Kambi Muru na kitanda, jiko, redio na kiti kimoja, cha pili alimpa jirani yake Wamucii akisema hakuna anayekikalia. Jumatatu hadi Jumamosi alizungumza na mbao, Jumapili alikuwa na watu mia mbili mbele yake, waliosimama alipowasimamisha na kunyamaza alipowanyamazisha, bila yeye kufungua mdomo, na ndiyo maana kiti kile cha ngoma kilikuwa kitu pekee katika Nairobi nzima alichoogopa kunyang'anywa.

Sasa tufike kwenye ugonjwa. Programu mliyo nayo, ukurasa wa tatu, inasema marehemu aliugua mwezi Aprili mwaka huu wa 2025, na tuliichapisha kwa nia njema, lakini tunaomba kila mwenye kalamu aikate tarehe hiyo, na sababu ni hii.

Jumamosi tarehe 14 Juni, Seline na Trizah wakitoa vitu chumbani, walikuta chini ya kitanda ndoo ya rangi, ndani yake kijiti kimoja cha mpera kilichofungwa kwa kitambaa, kile cha mkono wa kulia ambacho sote tunakijua, na vingine kumi na kimoja vya mkono wa kushoto, kila kimoja kimeandikwa tarehe kwa kalamu. Trizah alivipanga sakafuni, cha kwanza, cha mpera, cha tarehe 7 Novemba 2021, ni kinene kama kidole, cha pili kimepunguzwa kidogo, cha tatu kimepunguzwa tena, kikaja cha saiprasi, mti ambao Oloo hakuuamini hata kwa kibanio cha nguo, na cha mwisho, cha Jumapili ya Matawi, tarehe 13 Aprili 2025, ukikivua nguo yake, na nguo hiyo tutaifikia, ni chembamba kama sindano ya kufumia. Daktari ametueleza kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ulioanza kumla nguvu mkono wa kushoto, na kwamba Oloo alikwenda kwake peke yake mwezi huo wa Novemba 2021, akauliza swali moja tu, kama Jumapili ataweza kupiga. Seline alivihesabu vile vijiti, akasema, "Huyu mtu anaumwa miaka mitatu na nusu, na kwa simu ananiambia mvua imenyesha."

Kuna jambo moja Collins ameomba liwe humu. Tarehe 20 Agosti 2022, kwenye harusi ya Elvis pale Kawangware, Collins ndiye alikuwa mshereheshaji, akaona vijiti vya kaka yake havilingani, na kwa kuwa akiona kipaza sauti hupoteza akili, akatangaza, "Jamani, mkono wa kulia wa kaka yangu umeshakua, wa kushoto bado unanyonya!" Watu wakavunjika mbavu, Oloo akacheka kuliko wote, akagonga toazi kuumalizia mzaha. Kijiti kinachofuata kwenye ndoo ni cha tarehe 21 Agosti 2022, kesho yake, na ni kinene kama mwenzake, hadi ukibonyeze, ndipo unagundua ni sponji iliyozungushiwa utepe, na ndani kuna kijiti chembamba cha saiprasi, na vyote vilivyofuata viko hivyo. Yule aliyechoma vijiti kwa kutosikilizana sauti alipiga na sauti mbili karibu miaka mitatu na nusu, akizisikia mwenyewe kila Jumapili, na sisi tukamsifu kwa kupiga taratibu siku hizi.

Jumapili ya Pasaka hakuonekana, tukadhani amesafiri, na Jumanne tarehe 22 Aprili Wamucii, ambaye hakuwa amesikia redio kwa siku mbili, aligonga, akasukuma mlango, akamkuta sakafuni, akapelekwa hospitali, na huko alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Andikeni basi, marehemu aliugua tarehe 7 Novemba 2021.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Wamucii kwa kusikia kimya ambacho sisi hatukukisikia, mzee Kimotho na mafundi wake waliolitengeneza jeneza hili kwa mbao kavu kabisa, dada Wanja na kwaya yake, na majirani wote wa Kambi Muru. Vijiti viwili vya mpera, cha kulia na mwenzake wa kushoto wa kwanza, ambavyo Seline alivigonga sikioni jana na bado vinatoa sauti moja, vimo mikononi mwa marehemu ndani ya jeneza, na vile kumi vilivyobaki vinakwenda Seme leo mapajani mwa Seline. Billy, ukikalia kile kiti sasa hivi, piga na vyako, vile vinene, na usipige taratibu.

Pumzika kwa amani, kaka Oloo, mkono wa kulia, na wa kushoto.