Shimo la Wahome, Gatitu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Vuteni viti karibu, na kama kuna anayegombana hapo nyumbani, mwambieni angoje kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Wachuka wa Gatitu, aliyetutoka Jumapili asubuhi. Wachuka, mke wa Wahome.

Huyo Wahome alikuwa kibarua kwa mzungu. Alichuma kahawa ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kupanda. Jioni alimwambia mkewe, "Siku moja nitapanda yangu, na hii mikono yangu." Kisha Hali ya Hatari ikaingia. Mwaka wa hamsini na nne askari wakampakia kwenye lori, wakampeleka kizuizini. Wachuka akabaki na binti mchanga, Wacera, ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki.

Na dunia, jamani, ina vituko! Wahome akiwa bado kizuizini, ruhusa ya Mwafrika kupanda kahawa ikatoka. Lakini kwanza usome. Wachuka akaomba pasi, akaenda kozi. Mwalimu alikuwa bwana shamba kutoka magharibi, Khisa, mtu wa mzaha. Akawafundisha kuchimba shimo la futi mbili, kuliacha wazi kwa miezi lipumue, halafu kulijaza udongo na samadi ndipo mche uingie.

Wachuka akachimba. Homgadi, walinzi wa serikali pale kijijini, wakaja mbio, wakidhani anaficha chakula cha watu wa msituni.

"Ati shimo inapumua?" mmoja akauliza, akacheka hadi akakaa chini. Ilibidi Khisa aje kumtetea.

Mvua iliponyesha, akajaza mashimo, akapanda. Moja akaliacha wazi. Khisa akaliona.

"Mama Wacera, hili umelisahau?"

"Sijasahau, mwalimu. Hiyo iko na mwenyewe. Atapanda akirudi."

"Mche utazeeka kitaluni."

"Basi nitaotesha ingine."

Na akaotesha kweli. Kila mwaka, mche mmoja wa Wahome. Ukizidi kimo anampa jirani, anaotesha mwingine. Hali ya Hatari ikaisha, malori yakawarudisha wanaume. Wachuka alisimama barabarani akitazama kila uso. Wahome hakushuka. Hakuna aliyekuja kusema amekufa. Hakuna aliyekuja kusema yu hai.

Majirani wakamsihi alijaze lile shimo, ndama watavunjika miguu. Wacera anasimulia juu ya mama yake: "Maitu alikuwa anasema, 'Nikijaza hiyo shimo, ni mimi nimemzika.'" Kila msimu alishuka kuzoa udongo ulioporomoka ndani. Kiuno kilipomshinda, akamtuma Wacera. Husemwa subira huvuta heri. Kwa Wachuka ilivuta uzee, na mimi sitawadanganya. Alimtaka mume wake, basi.

Wacera, pamoja na jamaa yote ya Gatitu, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi wasikilizaji, tafakarini ni nyumba ngapi katika milima yetu hii bado zinamngoja mtu.

Mazishi ni Alhamisi. Shimo bado li wazi. Wacera ameniomba niseme jambo, nami nalisema polepole. Kama kuna mzee ananisikia, awe Kianyaga, awe Wang'uru, aliyefungwa pamoja na Wahome wa Gatitu, yule mchuma kahawa, na anajua alikoishia, aje aseme. Hata kama habari ni mbaya, aje tu. Mche wa mwaka huu uko tayari.