Tundu la Tatu

Wasikilizaji wapendwa, fundi wetu wa mikanda amefariki. Aliumwa karibu mwaka mzima. Mkewe, aliyelala naye kitanda kimoja siku zote hizo, alijua zikiwa zimebaki wiki tatu. Hilo ndilo jambo lenyewe. Nimelitanguliza makusudi, ili asiwepo mtu wa kunisikiliza akitumaini kwamba huko mbele mgonjwa atapona. Haponi.

Wengi wenu mlimjua kwa jina la Tundu la Tatu. Jina la kwao alikuwa nalo, lakini hata barua ya kodi ya chumba ilikuja imeandikwa hivyo. Kwa nini Tundu la Tatu? Subirini, nitawaambia, kwa sababu bila hilo hamtaelewa alivyomficha mkewe.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa ukumbi wa soko, nyuma ya mafundi cherehani. Dirisha moja. Meza nzito, katikati imeliwa na visu mpaka imebonyea kama kitanda cha zamani. Mikanda imening'inia kwenye misumari kwa mabizimu yake, yaani vile vyuma vya kufungia. Harufu ya nta na ngozi. Na benchi fupi la mteja. Ukiingia mara ya kwanza unadhani benchi ni la kusubiria. Sivyo. Lilikuwa kifaa cha kazi.

Maana huyu bwana hakukuuliza namba yako. Mwenye bucha wa hapa jirani alikwenda kwake akasema, "Fundi, mimi ni thelathini na sita."

"Nani kakwambia?"

"Suruali."

"Suruali inakuogopa, bwana. Simama hapa."

Akapitisha tepu ndani ya vitanzi vya suruali, palepale mkanda utakapokaa. Hakupima juu ya shati, wala kitovuni. Akaingiza vidole viwili kati ya tepu na mwili. Akasema, "Toa pumzi. Mkanda unavaliwa na mtu anayepumua." Kisha akamkalisha kwenye lile benchi akapima tena, kwa sababu tumbo la mtu aliyesimama na tumbo la mtu aliyekaa ni matumbo mawili. Mwenye bucha alitoka na arobaini na tatu. Anasema alinuna siku nzima, halafu akauvaa ule mkanda miaka kumi.

Mimi mwenyewe alinipima. Nilivuta tumbo ndani, kama tunavyofanya wanaume. Fundi akaacha tepu, akakaa, akachukua kikombe chake cha chai. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Nakungoja. Utachoka tu." Nikachoka. Akapima.

Sasa sikilizeni hili. Mkanda wake ulikuwa na matundu matano. Kipimo chako, kuanzia ulimi wa bizimu unapokaa, kiliangukia tundu la tatu, lile la katikati. Kisipoangukia hapo, mkanda haukutoka chumbani mwake. Alikuwa akisema, "Mawili ya neema, mawili ya dhiki, na la katikati ndilo wewe." Hapo ndipo lilipotoka jina.

Na alikuwa na elimu yake nyingine ndogo, akamfundisha mkewe tangu walipooana. Alimwambia, "Bibie, ukitaka kujua mtu yu mzima au mgonjwa, usimtazame usoni. Uso unajua kudanganya. Tazama anafunga tundu la ngapi." Mama huyu alifanya kazi naye, akipaka rangi kingo za mikanda na kupokea wateja, na anasema maneno hayo aliyaona ni kweli. Waliwaona wateja wakinenepa. Waliwaona wengine wakirudi kuomba tundu la sita upande wa ndani, kisha la saba, kisha hawaonekani tena.

Mmoja wa hao alikuwa kaka wa mama huyu. Mama alimuuguza nyumbani kwao, kwenye chumba cha mbele, muda mrefu. Alimwogesha, alimlisha, na kila alipotoka chumbani alilia jikoni akiwa amefungulia bomba ili mgonjwa asisikie. Fundi alisikia. Kumbukeni hilo nalo: fundi alisikia.

Tangu kaka azikwe, mama akaanza desturi. Kila asubuhi mumewe akivaa, yeye ndiye aliyempa mkanda mkononi, akasimama mbele yake kumtazama anavyofunga. Akamuuliza, "Upo?"

Mzee akafunga tundu la tatu, akapiga bizimu kwa kidole, akajibu, "Nipo katikati."

Wakacheka. Wakanywa chai. Wakaenda kazini.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka jana mzee alianza kupata maumivu chini ya mbavu. Alimwambia mkewe anakwenda kununua ngozi. Akaenda hospitali. Akapimwa, akaambiwa arudi, akarudi, tena "kununua ngozi". Mara ya pili daktari alimkalisha akamwambia wazi kwamba ugonjwa umekwisha kusambaa. Dawa ya maumivu ipo. Dawa ya kumponya haipo. Akaweka karatasi mfukoni, akapitia kwa muuza ngozi kweli, akanunua kipande kidogo, akakibeba nyumbani.

Kisha akaanza kupungua. Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mimi na wewe tusingeweza kulifanya hata tungetaka.

Mtu wa kawaida akipungua anasogea tundu la pili. Mkewe ataona. Au anatoboa tundu jipya. Mkewe ataona. Lakini mkanda wa kushonewa una ncha mbili. Upande mmoja una matundu, upande wa pili umekunjwa na kushika bizimu kwa skrubu mbili. Fundi alifungua skrubu, akakata inchi moja upande wa bizimu, akakunja upya, akafunga. Upande wa matundu hakuugusa. Ule mkwaruzo wa miaka mingi kwenye tundu la tatu ulibaki palepale. Mkanda umefupika, na mtu bado yuko katikati.

Asubuhi mkewe anamuuliza, "Upo?"

"Nipo katikati."

Akapungua tena. Akakata tena.

Nimemuuliza mama: hukuona? Niliuliza vibaya, najua, lakini nyote mngeuliza. Alinitazama akasema, "Niliona. Shati lilikuwa linamwagika mabegani. Suruali imekunjamana kiunoni kama mdomo wa gunia. Nikimwambia, ananiambia nguo za siku hizi zinatanuka zikifuliwa. Akawa anavaa aproni hata nyumbani, anasema mgongo unapata baridi. Moyo wangu unaniambia huyu mtu anaisha. Halafu asubuhi nampa mkanda, natazama, tundu la tatu. Basi najikemea. Najiambia acha uchuro, mwanamke. Niliamini ngozi. Sikuyaamini macho yangu."

Hebu mfikirieni. Alifundishwa alama moja tu ya kweli, na aliyemfundisha ndiye aliyeichezea.

Wana binti mmoja. Anasuka nywele mji mwingine, huja akipata nafasi. Safari hii alikaa muda bila kuja. Alipofika alimkuta babake mlangoni, akamkumbatia. Anasema mikono yake ilikutana mgongoni kwa baba, ikapitana, akajishika viwiko. Hakulia. Yule ni mtoto wa fundi. Alimwachia akaenda moja kwa moja kwenye msumari, akachukua tepu.

"Baba, simama hapa."

"Mwanangu, hata maji hujanywa."

"Simama. Vua aproni."

Mama alikuwa kwenye meza na brashi ya rangi mkononi. Akasema, "We mtoto, umeanza lini kumpima babako?"

 Binti alipitisha tepu kwenye vitanzi, akaingiza vidole viwili. Mzee alisimama kama mteja. Alijaza hewa tumboni, jamani. Alilitoa tumbo nje. Mtu ambaye maisha yake yote aliwakatalia watu kulivuta ndani, yeye alijaribu kulisukuma nje.

Binti akaacha kuvuta tepu. Akamwambia, "Nakungoja, baba. Utachoka tu."

Akachoka. Akatoa pumzi.

Binti akasoma, "Thelathini na moja."

Mama akasema, "Soma tena. Babako ni thelathini na nane."

Akasoma tena. Thelathini na moja.

Mzee akakaa kwenye lile benchi la wateja. Akafungua mkanda, akaugeuza upande wa bizimu, akamwonyesha mkewe ngozi mpya iliyokatwa. Mama anaijua ngozi. Hakuhitaji kuelezwa. Brashi ilikuwa bado mkononi, rangi inadondokea sakafuni.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na hospitali?"

"Nilikwenda. Hawana cha kufanya."

"Kwa nini, baba wa mtoto wangu? Mimi nimekukosea nini?"

Mzee akamwambia, "Kaka yako ulimlilia mwaka mzima akiwa hai. Nilikuwa nalisikia lile bomba. Nikasema mimi unililie mara moja tu, yaishe."

Mama akaweka brashi mezani. Binti ananiambia babake alikuwa hajawahi kusemeshwa vile. Alimwambia, "Umepima watu viuno, ukaona unaweza kunipimia na machozi. Nani alikuomba?"

  Mimi, wasikilizaji wapendwa, nimekaa na habari hii siku kadhaa kabla ya kuja hapa, na jibu sina. Kila upande ninaoushika una haki yake, na hakuna hata mmoja unaonisaidia.

Walimrudisha hospitali. Binti alishikilia kwamba lazima kuna kitu. Alizunguka na ile karatasi madirisha yote. Daktari, mwanamke mpole, akamwambia, "Baba alikuja mapema kadiri alivyoweza. Tulimwambia ukweli palepale. Leo nina dawa ileile niliyokuwa nayo siku ile." Binti akauliza, basi sisi tufanye nini? Daktari akasema, "Kaeni naye."

Wakakaa naye. Mama alifunga chumba cha kazi, akamhamishia mgonjwa kwenye chumba cha mbele, kilekile cha kaka yake. Wiki ya kwanza mzee aliongea. Alimtania mkewe kwamba sasa amepata mteja asiyekimbia. Wakakumbushana mambo ya zamani, wakafufua ugomvi wa miaka ya ujanani, nani aliyechoma lile godoro. Wiki ya pili alilala sana. Mama akimwamsha ili amwambie jambo, akifumbua macho jambo lenyewe limemtoka. Wiki ya tatu mzee hakusema tena.

Kwenye msiba nilisikia watu wakiitoa ile methali, mficha maradhi kilio kitamfichua. Nawaomba muiache. Huyu hakufichuliwa na kilio, alifichuliwa na mtoto aliyemkumbatia. Na waliokuwa wakimwona kila siku sokoni, sisi wenye midomo, mimi nikiwamo, tulimpita na salamu ya mbali.

Juzi nilikwenda kumpa mama pole. Nilimkuta kwenye chumba cha kazi, amelimwaga mezani kopo la mabizimu. Chini kabisa ndani ya kopo kulikuwa na vipande vya ngozi, vya upana wa mkanda, kila kimoja na alama ya skrubu. Mzee hakuvitupa. Fundi hatupi ngozi. Mama alikuwa amevipanga, ncha kwa ncha, mwisho wa ule mkanda, ukarudi urefu wake wa zamani. Aliniambia, "Wa kuvaliwa na nani sasa?"  Nikamsaidia kurudisha mabizimu koponi.

Kwako mama, na kwako binti, kituo hiki chote kinawapa pole. Wateja wote wenye mikanda yake viunoni wanawapa pole. Mungu awashike mkono, sisi wetu hautoshi.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, jioni hii mtafakari jambo moja. Mtu wako akikwambia yupo, usiishie kumtazama. Msogelee, umkumbatie, usikie mikono yako inaishia wapi. Huenda hutaweza kufanya lolote. Hata huyu asingeponyeka. Lakini uwe umejua.

Gharama ya kutojua ni hii. Ngozi, vipande saba, inchi saba. Muda wa kuagana, miezi kumi, wakapata wiki tatu. Na katika wiki ya mwisho, asubuhi saba, mama alikaa kando ya kitanda akauliza "Upo?" mara saba. Majibu, hakuna.