Fagio la Ustadh Wagdi na Mstari wa Nguzo ya Kumi na Nne

Basi akaufuta ule mstari, na kesho yake asubuhi ukawa upo pale pale. Andika hivyo hivyo, Hani mwanangu, usinirembeshee. Ulisema nianze na miaka kwa sababu gazeti la ofisi linataka miaka. Haya: miaka thelathini na mmoja ofisini hapa, na Alhamisi hii, mwisho wa mwezi wa sita, Ustadh Wagdi Iskandar anastaafu. Nimeshasema. Mimi nimempikia chai miaka ishirini na sita kati ya hiyo. Vijiko vitatu vya sukari mpaka daktari alipomkataza, akawa anatia viwili na cha tatu anakilamba pembeni, akidhani sioni.

Alipoanza kazi walichora kwa kalamu za wino, na kosa walilikwangua kwa wembe. Zikaja kompyuta, halafu zikaja programu hizi za siku hizi, unabadilisha namba moja tu na jengo zima linajikunja lenyewe kama shuka kwenye kamba. Uzuri upo, lakini uchafu wake! Mistari inalaliana miwili miwili, pembe hazikutani, vipande vinabaki vinaelea hewani. Na mashine ya kukata chuma haina akili, ikikuta mistari miwili mahali pamoja inakata bomba mara mbili. Ndipo Ustadh akaandika maagizo yake, kurasa na kurasa, kompyuta inayafuata yenyewe: pacha ondoa, penye ufa ziba, kinachoelea tupa. Wakayaita Fagio.

Nikamwambia, Ustadh, fagio ofisini hapa ninalo mimi, umekuja kuninyang'anya mkate? Akaniambia, Mama Ragab, la kwako linaacha vumbi chini ya makabati. Siku mbili sikumpa chai.

Nilikuwa wapi? Mstari. Mwaka jana, mwezi wa tano, lile paa la kivuli la shule ya wasichana kule Helwan. Mabomba elfu tatu na kitu, yamesukwa kama jamvi juu ya uwanja. Injinia Shahinaz alichora, Ustadh akapitisha Fagio, mchoro ukatoka safi. Isipokuwa mstari mmoja. Umesimama wima uwanjani, chini ya paa, karibu na nguzo ya kumi na nne. Haugusi chini, haugusi juu. Kitu kama hicho Fagio linakitupa kabla hujapepesa macho, ila huo halikuutupa. Akaufuta kwa mkono. Asubuhi upo. Akamuuliza Shahinaz, akaapa kwa uhai wa mama yake kwamba hajauchora. Wakahamia kompyuta nyingine. Upo.

Mkubwa wetu, Injinia Tharwat, akaja na mkate wake wa maharage mkononi, anacheka. "Ustadh, bado mwaka mmoja ustaafu, na umeshaanza kuona watu? Futa bwana. Alhamisi mchoro wa nusu iliyobaki unakwenda kiwandani."

"Sijasema mtu," Ustadh akamjibu. "Nimesema mstari."

Na ni kweli, yeye hakusema mtu, aliyemtaja mtu ni Tharwat.

Jumanne adhuhuri umeme ukakatika. Feni zikasimama, wenzetu wakashuka kula, tukabaki wawili. Kompyuta yake ilikuwa na betri. Akaniita. "Mama Ragab, njoo hapa. Unaona nini?"

Mimi sijasoma, lakini macho ninayo. "Una urefu gani huo?"

"Mita moja na sentimita kumi na nane."

Nikaweka mkono hapa, ubavuni kwangu. Nimelea wajukuu tisa, vimo vyao viko kwenye kiganja hiki. Nikamwambia, "Huyo ni mtoto wa miaka saba, Ustadh. Na anatazama juu."

Mstari hauna uso, najua, usiniulize nilionaje. 

Ustadh akapandisha macho kule ulikoelekea. Halafu akafanya kitu ambacho, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kukifanya: akafungua kapu la vilivyotupwa na Fagio. Mle akavikuta vishikizo saba, vyuma vya kulifunga paa kwenye nguzo ya kumi na nne, vifupi, chini ya upana wa kiganja. Unajua ilikuwaje? Yeye aliliambia Fagio, vitu vikikaribiana kwa kumi, vihesabu ni kimoja. Alikusudia milimita kumi, unene wa kidole. Shahinaz alichora kwa sentimita, na Ustadh hakuuliza. Kidole kikawa kiganja. Chochote kifupi kuliko kiganja, ncha zake mbili zimehesabiwa moja, Fagio limekimeza.

Na nusu ya chuma ilishakatwa mwezi wa nyuma, mchoro wake umefagiwa kwa kumi ile ile. Ndilo lililomuuma. Hakuna mwingine aliyejua, Hani. Paa lingesimama mwaka, lingesimama miwili kabla ya kuanguka, yeye yuko zake nyumbani anakunywa chai. Lakini akaenda moja kwa moja kwa Tharwat, mlango wazi, sote tunasikia.

"Unajua unachosema?" Tharwat anamwambia. "Miaka yote hiyo, uondoke hapa na hili juu ya jina lako?"

"Niondoke nalo mimi. Wale wasichana wasibaki nalo."

Chuma kikakatwa upya. Tangu siku ile mstari haukurudi.

Shule ilipofunguliwa tukaalikwa. Wasichana wamejipanga mistari chini ya paa, na karibu na nguzo ya kumi na nne pana pengo, nafasi ya mtu mmoja. Mwalimu akawaambia wasogee, wakasogea. Akigeuka tu, pengo lipo. Nikamwinamia mmoja, "Binti, mbona hapo hamsimami?" Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga. "Hapo pa mwenzetu." Mwenzenu nani? Akapandisha mabega. Ustadh alivua miwani, akaifuta, akaifuta.

Mwaka wake wa mwisho wote ameutumia kulifunza Fagio adabu. Sasa likikuta kitu kinaelea halitupi. Linasimama, linauliza, na halisogei mpaka mtu aje atazame kwa macho yake. Vijana wananung'unika eti linachelewesha kazi. Mara nyingi ni takataka tu. Shahinaz ndiye anayeachiwa Fagio hilo.

Ustadh Wagdi, asante. Mungu akupe afya, na huko Fayyum uendako upate usingizi mzito na majirani wakarimu. Umetoka na jina lako, na umelitoa safi kuliko mchoro wowote. Na uandike pia, Hani, kwamba hakuwahi hata siku moja kuacha glasi...

Nani huyo? Shahinaz. Anasema, Mama Ragab, njoo, Fagio limeuliza. Limeuliza nini, binti? Ananionyesha kimo tu, mkono ubavuni kwake. Na Ustadh ameshasimama nyuma ya kiti cha Shahinaz, miwani mkononi.

Nishikie sinia, mwanangu. Naenda.