Mwalimu Onyesha Njia na Programu Aliyoionea Wivu

Mwalimu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Hesabu aliianzia chini ya meza ya mama yake, akipima vitambaa kwa tepi iliyokatika ikabaki inaanzia namba nne. Kila kipimo ilibidi atoe nne kichwani.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, sekondari 1976 na chuo cha ualimu 1980. Januari 1981 alianza kufundisha hesabu katika sekondari ya kutwa, akakaa hapo hapo mpaka alipostaafu Juni 2018. Wanafunzi walimbatiza Onyesha Njia, maana jibu sahihi lisilo na njia alilipa sifuri. Jioni kibaraza chake kilijaa madaftari hadi mkewe akakosa pa kuweka mguu.

Yeye na mke huyo, mkunga kwa kazi, walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2013 shule ilipata kompyuta zenye programu ya hesabu. Unaandika swali, inakupa jibu, njia yote, na mchoro juu yake. Kibaraza kikapwaya. Marehemu akawa anakaa peke yake na chaki mfukoni, akiwatazama watoto wakipita kuelekea chumba cha kompyuta. Hakumpenda kijana aliyeletwa kuwa mwalimu wa kompyuta, na hakuficha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mungu wako wa umeme hajambo?"

Siku moja aliingia chumba kile, akaandika mwenyewe saini ya 30, ile sine ya hesabu za pembe. Kila mwanafunzi alijua kwamba kwa pembe ya nyuzi 30 jibu ni nusu. Programu ikatoa hasi 0.988. Marehemu alipiga meza kwa furaha, akatuma mtoto amwite mwalimu mkuu mbio.

"Njoo uone! Huyu ndiye wanayemkimbilia! Hata nusu haijui!"

Mwalimu wa kompyuta akainama, akabonyeza mara moja tu. Programu ilikuwa imewekwa kupima pembe kwa radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi. Ikatoa nusu. Darasa lilicheka mpaka madawati yakatikisika.

Jioni ile hakugusa chakula. Mkewe alimtazama weee, kisha akasema, "Mume wangu, miaka ishirini na tisa hujanionea mimi wivu wa namna hii hata siku moja."

Kilichomuuma si kile kicheko. Aliogopa kwamba hakuna mtoto atakayemhitaji tena. Siku tatu baadaye alimfuata yule kijana. "Nifundishe. Ila funga mlango kwanza."

Alijifunza. Akaanza kufundishia michoro ya programu ile, kwa sharti lake: mwanafunzi akadirie jibu daftarini, ndipo abonyeze, na wakitofautiana aseme nani kakosea na wapi. Kibaraza kikajaa tena. Lakini wivu haukumtoka. Mtoto akisema programu imemwelewesha, alikuwa anamuuliza, "Na mimi nilikuwa nafanya nini hapa, nafagia?"

Aprili 2023 figo zilianza kumsumbua. Binti yake wa mwisho, aliyeishia darasa la saba, ndiye aliyemuuguza huku ananyonyesha. Tarehe 15 Februari 2024, wodini, marehemu alimwomba binti afungue programu ile kwenye simu.

"Andika 48 mara 52. Ukibonyeza, useme."

"Nimebonyeza, Baba."

Marehemu akafumba macho. "Elfu mbili mia nne tisini na sita. Yenyewe inasemaje?"

"Bado inazunguka."

"Bado?" Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Nimeipiga! Mwambie yule kijana!"

Mtandao ulikuwa chini wodi nzima. Binti alizima simu, akaiweka chini ya mto, wala hakumwambia habari ya mtandao.

Mwalimu alifariki Jumamosi, tarehe 17 Februari, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, wanafunzi wasiohesabika, na mwalimu wa kompyuta, aliyepelekewa salamu zile za wodini siku ile ile ya shindano, akajibu, "Mwambieni Mwalimu nakubali, kashinda." Jibu lilimfikia angali anasikia.

Apumzike kwa amani, Mwalimu wetu, asiwepo wa kushindana naye.