Nilidhani Wamemwita Mwingine

Sogezeni viti karibu na kitanda, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo simu, lifti za watu zitapanda na kushuka bila fundi wao kwa muda huu mfupi. Nina maneno ya kuwaachia, na nataka niyaseme nikiwa bado najua ninachosema. Msinililie. Sina kinyongo na mtu, nimeishi, nimefanya kazi niliyoipenda, nimewaona mkiwa watu wazima mnaojitegemea, na maumivu yangu leo yamekaa pembeni kama mgeni mwenye adabu. Basi tuongee kama tulivyozoea kuongea kwenye chai.

Nyumba hii ni yenu watatu, na haiuzwi maadamu mama yenu mdogo anaishi ndani yake. Kile chumba cha uani kinachopata jua la asubuhi ni chake mpaka achoke nacho mwenyewe. Mkubwa, paa na mabomba ni juu yako, kwa sababu wewe tangu utoto hukuwahi kujishuku hata siku moja, na kuna siku nilitamani ujishuku japo kidogo, hasa ulipofungua friji yangu kuitengeneza ikabaki imefunguliwa mwezi mzima. Cheka tu, ni kweli. Wewe wa kati, mwalimu wangu, vitabu vyote na ile meza kubwa ni vyako. Na ule mnuno wenu ninyi wawili, ule wa tangu msiba wa baba yenu, wa nani aliwahi kufika na nani alichelewa, nauzika leo kabla hamjanizika mimi. Shikaneni mikono. Siyo kwa vidole, mikono. Haya.

Imebaki kliniki, na hapo ndipo nilipowaitia.

Kitinda mimba wangu, toka hapo mlangoni uje ukae miguuni pangu. Ndugu zako hawajui ulichoniambia wiki iliyopita, na leo watajua. Ulisema, "Mama, kliniki mtafutie daktari wa maana. Mimi nitaharibu jina lako. Wateja wananivumilia tu kwa ajili yako." Umesoma ukamaliza, umefanya kazi na mimi miaka yote hii, mikono yako ni miepesi kuliko yangu, na bado unaongea kama mtu aliyepita tu akaambiwa ashike kamba ya mbwa. Sikukasirika, kwa sababu sauti ile naijua, niliishi nayo chumba kimoja. Sasa sikilizeni jinsi ilivyoniingia na jinsi nilivyokaa nayo, maana hata baba yenu nilimsimulia nusu tu.

Shuleni kwetu tulikuwa wasichana wawili wenye jina moja, la kwanza na la baba, kana kwamba wazee wetu walikaa wakapatana. Ili kututofautisha walimu walimwita yeye Mrefu na mimi wakaniita Mfupi. Mrefu alikuwa moto. Mwalimu hajamaliza swali, mkono wa Mrefu uko juu. Mimi nilikaa karibu na dirisha, nikijua jibu mara nyingi, lakini nikingoja alitaje mwingine kwanza ili niwe na hakika. Tulipomaliza, familia ya Mrefu ilihama mji. Muda si mrefu shule ikapata habari kwamba msichana wa jina letu amechaguliwa kwenda chuo cha udaktari wa mifugo. Mkuu wa shule akaniita mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwapo, akanipa mkono, akaniambia nikajiandae. Nilipotoka ofisini mwenzangu mmoja wa darasa akauliza, bila ubaya wowote, kwa mzaha tu, "Una hakika ni wewe?"

Wanangu, mtu anaweza kukurushia neno akaenda zake akalisahau, na wewe ukabaki umelibeba. Nilikuwa nimeomba chuo kile kwa mkono wangu, lakini tangu saa ile niliamini kwamba wamemwita Mrefu na mimi nimeingia kwenye nafasi ya mtu.

Chuoni sikutoa nguo kwenye sanduku. Kabati lilikuwepo, tupu, na mimi kila asubuhi navuta sanduku chini ya kitanda, natoa gauni, nalifunga sanduku na kulirudisha, ili siku watakapokuja kunitoa niondoke haraka bila aibu nyingi. Mwenzangu wa chumbani tulimwita Redio kwa sababu hakuzimika. Redio alikuwa akiniuliza kila mara, "Hivi wewe unasafiri lini?" Nami nacheka, najifanya sijamwelewa. Darasani sikuuliza swali. Nikipata alama nzuri nasema mwalimu amesahihisha amechoka, nikipata mbaya nasema eeh, sasa ukweli unatoka. Mnaona hesabu hiyo? Sikuwa na mlango wowote wa kushinda. Mwalimu wa hesabu, hebu mwambie mdogo wako kama hesabu ya namna hiyo ina jibu.

Mwaka wa tatu nikatangazwa wa kwanza katika upasuaji. Wenzangu wakapiga makofi. Nikaona sasa imezidi, nikaenda kwa mkuu wa chuo. Nilimkuta dirishani, mzee mnene mwenye sauti ndogo, anamenya chungwa. Nikamweleza yote, Mrefu, Mfupi, jina moja, nafasi ya mtu. Nikamwomba aangalie vizuri, na kama kosa lilifanyika nitaondoka kimya kimya.

Akanitazama. "Huyo Mrefu ndiye aliyefanya mtihani wa upasuaji?"

"Hapana, mkuu. Ni mimi."

"Ndiye aliyemshona tumbo yule mbwa aliyegongwa na gari?"

"Ni mimi, mkuu."

"Mbwa yuko wapi?"

"Ameshapona, amerudi kwao."

"Basi unataka nikatafute nini?" Akagawa chungwa akanipa nusu, tukala tumesimama pale dirishani. Nikarudi chumbani, nikavuta sanduku, nikaanza kupanga nguo kabatini. Redio akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, kisha akasema, "Kumbe husafiri."

Nipeni maji kidogo. Polepole... Asante.

Msidhani iliishia pale. Ingeishia pale nisingekuwa na la kukwambia, mwanangu. Kwenye kituo changu cha kwanza cha kazi bosi wangu alikuwa daktari mkongwe asiyevua kofia hata akiingia msibani, tukimwita Mzee Kofia. Mchana mmoja tukaitwa kwa mama mmoja aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo ameshindwa kuzaa. Ndama amekaa kinyume, mkia ndio unaokuja mbele na miguu ya nyuma imekunjwa kwa ndani. Nikavaa glovu, nikaingiza mkono, na kwa hofu nikageuka kumtazama Mzee Kofia, ambaye alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajipepea.

Akasema, "Usiniangalie mimi. Mimi simo ndani ya ng'ombe."

Mama mwenye ng'ombe hakucheka, alikuwa ameshika pembe kwa mikono miwili. Kwake yule hakuwa ng'ombe tu, ndiye maziwa ya watoto wake. Basi nikafumba macho nikaacha vidole vyangu vitafute. Nikamsukuma ndama arudi ndani, nikaukamata mguu mmoja kwenye kwato ili usimchane mama yake, nikaunyoosha, nikarudia wa pili, jasho likinichuruzika mpaka machoni, kisha tukavuta. Ndama akatoka amelegea kama nguo mbichi. Nikamfuta pua, nikamsugua kwa majani makavu, nikammwagia maji baridi sikioni, nikasugua tena, na nilipokuwa nakaribia kukata tamaa akapiga chafya. Yule mama akaachia pembe akanikumbatia mimi na glovu zangu na uchafu wote ule.

Kwenye gari nikamuuliza Mzee Kofia, "Mzee, hofu hii inaisha lini?"

"Ngoja nistaafu," akasema, "nitakwambia."

Nikadhani ananitania. Akaniambia naye kila asubuhi huja kazini na hofu yake, wamezoeana, ila hajawahi kuipa kisu ishike. Maneno hayo, kitinda mimba, yalinifaa kuliko masomo mengi. Nilikuwa nikingoja hofu iondoke ndipo nianze kuwa daktari. Kumbe watu wanafanya kazi nayo ikiwa imekaa pale pale kwenye ndoo.

Lakini jambo lililonifungua kabisa lilikuwa neno moja ambalo nililikimbia miaka mingi. Sijui. Nilidhani siku nitakayolitamka mbele ya mteja ndiyo siku watakayogundua. Nilikuwa nimeshafungua kliniki hii, akaja dereva mmoja wa lori, mtu wa kifua, amembeba jibwa lake mikononi kama mtoto, miguu ya nyuma imekufa ganzi. Nikalipima juu mpaka chini, sikuona kitu. Mdomo wangu ukawa tayari kutunga jina refu la ugonjwa ili nionekane najua, na yule dereva akaniuliza kwa sauti ya mtoto, "Ana nini, daktari?" Nikashindwa kumdanganya. Nikamwambia, "Sijui. Lakini niachie hapa, nitauliza wanaojua." Nikampigia simu Redio, ambaye wakati huo alikuwa bingwa wa mifupa ya wanyama na bado hazimiki, akaniongoza hatua kwa hatua nipime wapi na nitibu vipi. Jibwa likasimama tena, japo lilibaki likitembea kiupande upande kama mlevi. Na yule dereva, mnajua aliwaambia nini madereva wenzake? "Nendeni kwa yule mama. Asipojua anasema." Ndivyo kliniki hii ilivyojaa. Si kwa yale niliyoyajua tu.

Na Mrefu nilikuja kumwona. Nywele zangu zilikuwa zimeshaanza mvi alipoingia na paka wake kwenye kikapu, mwanamke mkubwa mwenye karakana yake ya kushona, mafundi chini yake, miwani shingoni. Tulishikana tukapiga kelele mpaka wateja wakasimama. Nilipokwisha kumchoma paka sindano nikamuuliza lile swali, nikijaribu kuliuliza kama jambo dogo. Je, aliwahi kuomba chuo cha mifugo? Akacheka hadi paka akakimbilia chini ya kabati. "Mimi? Ng'ombe nawaogopa mpaka kesho! Niliomba ushonaji, na nikasomea ushonaji." Kisha akafuta macho akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. "Unajua kwa nini nilikuwa nanyoosha mkono kila saa? Nilihisi nikinyamaza kidogo tu mtajua kwamba sina kitu kichwani. Nilikuwa nakuonea wivu wewe, umetulia pale dirishani, hujali."

Mimi! Hujali! Tulicheka tena, lakini nilipofika nyumbani nilikaa jikoni muda mrefu nikiwafikiria wale wasichana wawili, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Jibu lake nililipokea kwa furaha, ila sikulihitaji tena. Lilikuja kama koti baada ya mvua kukatika.

Sasa wewe. Majuzi, yule muuza mboga alipoleta punda wake anagaagaa, ulikuja mbio humu chumbani ukanishika mkono. "Mama, tumbo limemjaa gesi, nifanye nini?" Nikakuuliza, "Mimi nisingekuwepo ungefanya nini?" Ukanijibu bila kuvuta pumzi kwamba ungemsikiliza tumbo pande zote mbili, ungempa dawa ya maumivu, ungempitishia mpira puani utoe gesi, kisha atembezwe taratibu. Nikakwambia nenda. Ukaenda. Punda amepona, na wewe jioni ukamwambia mama yako mdogo kwamba mama ndiye aliyemponya. Mwanangu, mimi nilikuwa nimelala. Nilikupa swali moja na neno moja tu, na hata hayo hayakuwa ya kitabibu.

Kwa hiyo naagiza, na hawa ni mashahidi. Kliniki ni yako, vyombo vyake, jokofu la dawa, na kelele zake zote. Mkubwa atashusha kibao cha nje chenye jina langu na kukipandisha chenye lako, na akipandishe kikiwa kimenyooka. Kila mwaka uchukue mwanafunzi mmoja kutoka chuoni, na ukimwona haulizi maswali, usimwache. Usipojua, sema. Ukijua, sema pia, na hilo ndilo litakalokuwia gumu zaidi. Na hofu ikija, iache ije...

Ngoja nipumue.

Unasemaje? Sikusikii. Inama. Sema tena, ndugu zako wasikie.

"Nitaichukua, Mama."

Basi. Imetosha. Wala usijifute machozi kwa shuka langu... Sauti yako imetetemeka, sawa, yangu nayo sasa hivi inatetemeka na bado mnanielewa.

Nimechoka, wanangu, lakini ni uchovu mtamu, kama wa mtu aliyefua akamaliza. Msiniwekee maneno marefu siku ya kunizika, na mama yenu mdogo asikae peke yake wiki ile. Mkubwa... Mungu akupe mikono salama na ulimi wa kuomba radhi. Wa kati... watoto unaowafundisha wakukumbuke kwa wema. Na wewe, wa mwisho wangu, nakubariki hiyo mikono. Nakubariki kwa... kwa kila mnyama atakayesimama tena. Pendaneni. Fungueni pazia kidogo, hivyo hivyo. Sasa niacheni nilale, na wewe daktari... nenda, wagonjwa wanangoja.