Bwana Mpaka na Mita Elfu Mbili za Uzio

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtunza viwanja wetu anastaafu. Tunamwita Bwana Mpaka, kwa sababu ofisini humpati na kantini humpati, ila ukiufuata uzio wa kituo chetu cha kusafisha maji kwa miguu, lazima utamkuta mahali.

Uzio huo una mita elfu mbili na ushee. Alipoajiriwa alipewa fyekeo la mkono na kuambiwa nyasi zisiguse waya, maana waya hushika kutu na walinzi hawaoni kinachopita. Alipofika mwisho, mwanzo ulikuwa umeshaota tena. Mwaka wa kumi na tatu mgongo ukamgomea. Bila kumwomba mtu, akajinunulia mashine ya kusukuma, yenye magurudumu makubwa mawili, inayokata kwa uzi wa plastiki unaozunguka kwa kasi. Kisu kikigonga nguzo ya zege ni hasara. Uzi ukigonga unakatika, unafunga mwingine, kazi inaendelea.

Uzi mkavu hukatika ovyo, kwa hiyo huuloweka kwenye ndoo siku mbili kabla ya kazi. Kila Jumatatu walinzi humuuliza kama uzi umeshaoga, naye huwajibu kuwa umeoga kuliko baadhi ya watu wa getini. Jioni hukwangua majani mabichi yaliyoganda chini ya mashine kwa kijiti, na hukung'uta chujio la hewa hadi liache kutoa vumbi. Kiangazi, nyasi zinapolala, hutoa petroli yote kwenye tangi, kwa kuwa ikikaa huziba kabureta. Ndiyo maana mashine ya miaka kumi na minane huwaka kwa mvuto wa pili wa kamba. Kuazimana mashine, husema, ni kama kuazimana mswaki. Mhandisi mkuu mwenyewe aliwahi kuiomba, akashauriwa kwa adabu azilete nyasi zake hapa.

Lakini mwezi wa kwanza wa kuitumia, mashine ilimwaibisha. Kando ya uzio kulikuwa na miche ishirini na miwili ya kivuli, naye aliisogelea mno. Uzi ule humenya gome la mti mchanga kama ganda la ndizi. Wiki mbili baadaye miche tisa ilikauka. Lawama ziliwaangukia mchwa, na barua ya kuagiza dawa ilikuwa tayari kwenye meza ya katibu muhtasi, pale Bwana Mpaka alipoingia na kuomba irudishwe, kwa sababu mchwa mwenyewe ni yeye. Akapanda mingine tisa, kisha akakata mabomba chakavu ya karakana na kuuvisha kila mti kola ya kuukinga na uzi.

Mwaka huu uongozi ulitaka kazi ya uzio ipewe kampuni ya nje, inayopulizia sumu ya magugu. Mita chache tu kutoka kwenye maji ya watu. Bwana Mpaka alikataa, akampendekeza mfagizi wa chumba cha pampu, tunayemwita Mama Pampu, ashike nafasi yake. Uongozi ukakubali kwa sharti moja: yeye mwenyewe athibitishe kwa saini kuwa mama huyo anaiweza. Asipoiweza, sumu.

Miezi mitatu alimfundisha. Wiki iliyopita, bila kumwonya, akaivua miti yote kola na kumwambia amalize uzio mzima. Mama Pampu alimaliza saa tisa alasiri, shati limemganda mgongoni. Ndipo Bwana Mpaka akapiga magoti kwenye mti wa kwanza na kuzungusha kidole gumba kwenye gome lake, akitafuta jeraha. Akaenda wa pili. Nusu ya ofisi tulikuwa tumepata visingizio vya kuwa pale.

Kwenye mti wa kumi na tisa akasimama. Palikuwa na mkwaruzo mbichi. Mama Pampu alivua miwani ya kazi. Mzee akavaa yake ya kusomea, akaukagua kwa muda ambao sote tuliuona mrefu.

"Huu ni wa kisu, mwanangu," akasema. "Ni mimi, nilipokuwa naivua kola."

Akaikagua mitatu iliyobaki, kisha akaweka fomu juu ya tangi la mashine na kutia saini. Kwenye sehemu ya vifaa vinavyokabidhiwa aliandika fyekeo, reki na ndoo. Mwishoni akaongeza kwa mkono uleule: na mashine yangu.

Mkewe anatuambia uzio wa nyumbani una hatua arobaini tu, na kwamba atamtafutia mkasi. Bwana Mpaka, asante kwa waya usio na kutu na kwa maji yasiyo na sumu. Nenda ukapumzishe mgongo, uishi vyema na siku zako ziwe ndefu.